Fose septike juu ya lava ya Goma: vijidudu vinafanya nini, na kwa nini shimo "lisilojaa" ni tatizo

Parsele_Keshero (mwanzisha uzi)

Jambo yenu wote. Parsele iko Keshero, juu ya lava tupu. Nyumba kubwa moja na vyumba viwili vya wapangaji nyuma, jumla watu 12. Maji ni ya REGIDESO (shirika la maji la serikali) siku yanapotoka, siku nyingine ni bidoni na maji ya mvua.

Masoni wawili wamekuja na hawaelewani. Wa kwanza anasema: chimba mita moja na nusu, ukikuta ufa kwenye lava uache chini wazi bila sima, maji yatajiendea na shimo halitajaa hata miaka 20. Wa pili anataka fose (tangi la maji ya choo) ya vyumba viwili, dale (bamba la zege) chini na juu, halafu kila mwezi ninunue "dawa ya bakteria". Bei zao ziko mbali kabisa. Nani ana haki? Na hivyo vijidudu vinafanya kazi gani hasa?

Bakteria_Kivu

Wa kwanza anakuuzia njia fupi ya kupeleka choo chako ziwani. Wa pili ana haki kwa ujenzi, kwa dawa hana.

Ndani ya fose maji yanapunguza mwendo. Vizito vinazama na kuwa tope, mafuta na vyepesi vinaelea na kufanya gamba, katikati yanabaki maji ya kijivu. Oksijeni inaisha karibu mara moja, kwa hiyo wanaobaki kazini ni wale wasioihitaji. Kazi inapita mikono minne. Kundi la kwanza linatoa vimeng'enya vinavyokata kinyesi, karatasi na mafuta mpaka viyeyuke. La pili linageuza hicho kilichoyeyuka kuwa asidi. La tatu linavunja asidi hizo kuwa asetati, haidrojeni na hewa ya ukaa. La nne, ambao ni arkea (vijidudu vya ukoo mwingine) na si bakteria, wanachukua mabaki hayo na kutoa metani. Wana jamaa zao chini ya Ziwa Kivu: gesi ambayo mtambo wa KivuWatt unaivuta kule Karongi, Rwanda, tangu 2016 ilitokana kwa sehemu kubwa na kazi ya vijiumbe vya namna hiyo.

Kundi la pili linazaana kwa saa, la nne kwa siku. Matatizo mengi yanaanzia kwenye tofauti hiyo. Fose mpya ikipewa mzigo mkubwa ghafla, asidi inajilimbikiza kabla arkea hawajawa wengi, pH (kipimo cha uchachu) inashuka chini ya 6.5, nao wanasimama. Utasikia harufu kali ya uchachu na gamba la juu litakuwa na povu. Baridi nayo inawachelewesha. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na maji ya fose yanazunguka nyuzi 20. Wanafanya kazi, lakini polepole kuliko fose ya Mombasa au Dar es Salaam, na chini ya nyuzi 15 wangefanya kidogo sana.

Sasa jambo ambalo watu hawaambiwi: fose nzuri kabisa inaondoa thuluthi moja hadi nusu tu ya uchafu unaokula oksijeni, na hapo nahesabu ule uliozama. Maji yanayotoka bado yana amonia, bado yana mayai ya minyoo, na vijidudu vya magonjwa vimepungua kidogo mno. Kazi iliyobaki hufanywa na bakteria wa udongo, wale wanaopumua hewa, wakiishi kwenye ngozi ya kila punje ya mchanga. Kwenye lava udongo huo haupo. Ufa wa lava ni tiyo. Maji yanashuka bila kukutana na mtu yeyote wa kuyasafisha.

Birere_Online

Yaya Bakteria, kuna shimo la jirani halijajaa tangu lava ya 2002. Na hapo kwao hakuna harufu hata kidogo. Mbona linafanya kazi vizuri kuliko fose za dale zinazofurika?

Bakteria_Kivu

Halijajaa kwa sababu linavuja, ndugu. Harufu haipo kwa sababu uchafu haukai hapo. Uliza unakwenda wapi. Mji wote unateremkia ziwani, na REGIDESO inapiga pompa kutoka ziwa hilo hilo. Wenye bidoni wanachota ufukweni. Maji ya juu ya Kivu yana pH karibu 9, na kijidudu cha kipindupindu kinavumilia vizuri sana maji ya namna hiyo. Shimo lisilojaa tulihesabu kama bomba lililopasuka.

Masoni_Himbi

Naongeza vipimo, maana bila namba masoni atajenga anachokijua yeye.

Watu 12, maji ya choo na ya kuoga, tuseme litre 50 kwa mtu kwa siku: litre 600. Ili vizito vizame, maji yakae siku mbili: litre 1,200. Tope linajikusanya karibu litre 40 kwa mtu kwa mwaka; kwa miaka mitatu ni 12 × 40 × 3 = litre 1,440. Ongeza litre 600 za gamba. Jumla ni kama 3.2 m³. Kwa hiyo ndani: urefu 2.40 m, upana 1.10 m, kina cha maji 1.30 m. Hiyo inatoa 3.4 m³. Juu ya maji acha sentimita 30 za hewa.

Ukuta wa kugawa: chumba cha kwanza 1.60 m, cha pili 0.80 m. Tundu za kupitisha maji ziwe katikati ya kina, kama sentimita 55 hadi 65 chini ya uso wa maji, ili chumba cha pili kisipokee gamba wala tope. Masoni wengi wanaziweka juu kabisa, na hapo chumba cha pili kinakuwa mapambo.

Tiyo ya kuingilia (PVC 110) iwe sentimita 7 juu ya tiyo ya kutokea. Zote mbili zimalizike na T ya kusimama. T ya kuingilia ishuke sentimita 30 ndani ya maji, ya kutokea ishuke 50. Usifunge T upande wa juu: humo ndimo gesi inapita na fimbo ya kuzibua inaingia. Bomba la hewa lipande mpaka juu ya mabati ya nyumba.

Lava ikikataa kuchimbwa zaidi ya mita moja, usilipie watu wiki nzima za nyundo. Panda juu. Fose ikae nusu nje ya ardhi, na choo kijengwe kwenye ngazi tatu au nne ili tiyo ipate mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita.

Moelo (jiwe la kujengea) ya lava inanyonya maji. Ukuta wa moelo bila plasta ya ndani ni chujio. Piga plasta ya sima moja kwa mchanga tatu, mikono miwili, jumla sentimita 2, pembe zote zizungushwe.

Dawa_na_Usafi

Nauza vifaa vya usafi na sikubaliani kuhusu dawa. Pakiti zina bakteria hai na vimeng'enya, wateja wanarudi kununua. Wengine wanatumia levire ya mkate na sukari, nao wanaona maji yanashuka.

Bakteria_Kivu

Gramu moja ya kinyesi ina bakteria kwenye bilioni 100. Watu 12 wanamwaga mbegu kila siku kuliko pakiti yoyote. Fose haikosi bakteria, inakosa muda, nafasi, au mtu wa kuitoa tope.

Levire haivunji kinyesi, inakula sukari uliyoiweka. Hewa ya ukaa inayotoka inarusha tope juu, tope linaondoka na maji, kiwango kinashuka na mwenye nyumba anafurahi. Miezi michache baadaye tope lile lile limeziba sehemu ya kunyonya maji. Vimeng'enya vya kuyeyusha mafuta vina kasoro hiyo hiyo: mafuta yanayeyuka kwenye fose na kuganda tena mbele.

Mbegu ina maana mahali pamoja tu, kwenye kuanza. Jaza fose maji mpaka tiyo ya kutokea KABLA ya mtu wa kwanza kutumia choo. Kisha weka bidoni mbili tatu za litre 20 za tope jeusi kutoka fose inayofanya kazi, au samadi mbichi ya ng'ombe iliyochanganywa na maji na kuchujwa majani. Hapo unawaleta arkea wenyewe, wale wanaozaana polepole. Ikitokea uchachu, punguza maji yanayoingia, ongeza chokaa iliyozimwa kidogo kidogo ukipima na karatasi ya pH mpaka ifike 6.8 au 7, usipite hapo.

Javeli: kikombe cha kusafishia sakafu ya choo hakiui fose ya 3 m³, klorini inaliwa na uchafu kabla haijafika mbali. Bidoni ya litre 5 ikimwagwa mara moja ni jambo jingine. Sumu ya kweli ni mafuta ya gari, petroli, soda ya kuzibulia, na maji ya betri.

Mama_Kadutu

Na siye wa Bukavu tufanye nini? Kwetu hakuna lava, ni udongo mwekundu wa mfinyanzi, na parsele zimebandikana kwenye mlima.

Masoni_Himbi

Mama, kwenu tatizo ni kinyume. Mfinyanzi unanyonya kidogo mno, maji ya pui perdi (shimo la kunyonya maji machafu) yanakaa, na yakikaa kwenye mteremko yanalainisha udongo mpaka ukuta wa jirani wa chini unashuka. Kwenye mteremko mkali wa Kadutu usichimbe pui perdi hata kidogo. Fose isiyovuja, maji yanayotoka yaende kwenye kitanda kilichofungwa chini na kupandwa matete au migomba inayoyanywa, na maji ya mvua ya paa yapewe njia yake mbali na hapo. Mvua ya saa moja kwenye paa la mita mraba 60 inaweza kuleta zaidi ya litre 1,000, na ikipita ndani ya fose inafagia tope lote nje.

Katuba_Maji

Lubumbashi kuchimba ni rahisi, na urahisi huo ndio mtego. Watu wanachimba pui perdi mita 6 au 8, na kisima cha kunywa kiko mita 10 kando yake. Masika yakija, maji ya ardhini yanapanda na kugusa chini ya shimo. Hapo bakteria wa udongo hawana hewa tena, na uchafu unasafiri pembeni. Chini ya shimo pabaki angalau mita moja na nusu ya udongo mkavu hata mwezi wa pili, na kisima kiwe mita 30, upande wa juu wa mteremko. Shimo fupi na pana ni bora kuliko refu na jembamba: uhai wa udongo uko karibu na uso wa ardhi.

Jambo la pembeni kwa wanaopenda. Dale ya fose ikianza kumung'unyika upande wa chini na chuma kuonekana, mara nyingi sababu ni vijidudu pia. Walio ndani ya maji wanatoa gesi ya mayai viza, inapanda mpaka kwenye unyevu wa dari, na hapo bakteria wengine wanaopumua hewa wanaigeuza kuwa asidi ya salfa. Asidi inakula sima. Wana ndugu zao wanaotumika kuyeyusha shaba kutoka kwenye mawe, kwa hiyo hapa Katanga ni familia inayojulikana. Dawa yake: bomba la hewa linalofanya kazi, na sima ya sentimita 4 chini ya fer (nondo), si moja.

Parsele_Keshero

Aksanti sana. Sasa maji yakitoka kwenye fose, kwenye lava niyapeleke wapi?

Bakteria_Kivu

Hapa ndipo lava inakuwa mali. Vile vijiwe vyepesi vyenye vitundu, vinavyobebwa kwa kamio kwa ajili ya barabara, ni makazi bora ya vijidudu. Kila kitundu ni ukuta wa kujishika.

Hatua ya kwanza, chumba cha tatu baada ya fose: chujio lisilo na hewa. Upana ule ule 1.10 m, urefu 1.50 m, kina cha maji 1.30 m. Maji yaingie kutoka chini. Weka dale yenye tundu sentimita 20 juu ya sakafu, juu yake sentimita 80 za vijiwe, juu ya vijiwe sentimita 30 za maji. Vijiwe vipepetwe viwe kati ya milimita 12 na 55, vikubwa chini, na vioshwe mpaka maji yatoke safi. Hiyo ni 1.3 m³ ya vijiwe, nafasi ya maji ndani yake ni kama litre 600, yaani maji ya siku nzima yanapita kwa saa 24. Likikomaa linaondoa nusu au zaidi ya uchafu uliobaki. Kukomaa kunachukua miezi sita hadi tisa, kwa hiyo usilihukumu mwezi wa pili.

Hatua ya pili ni hewa. Kitanda cha mchanga cha mita mraba 15, kimegawanywa mara mbili. Kutoka chini: sentimita 10 za vijiwe vya milimita 20 hadi 40, sentimita 10 za vijiwe vya 5 hadi 10 ili mchanga usitoroke kwenye nyufa, sentimita 70 za mchanga, halafu sentimita 15 za vijiwe vyenye tiyo za milimita 50 zilizotobolewa tundu za milimita 8 kila nusu mita. Mchanga upimwe kwa chupa: theluthi mchanga, maji, tikisa, ngoja nusu saa. Vumbi laini likiwa nene kuliko sehemu moja katika 20 ya mchanga, uoshwe tena au ukataliwe.

Maji yasidondoke mfululizo. Yakusanye kwenye kisanduku chenye sifoni na yaachiwe kwa mkupuo, litre 150 mara nne kwa siku. Mkupuo unashuka na kuvuta hewa mpya nyuma yake; bakteria wanakula, kisha wanapumua. Hapo ndipo amonia inageuzwa, kwanza nitriti na wale wa Nitrosomonas, kisha nitrati na wale wa Nitrospira. Kila gramu ya nitrojeni inayogeuzwa inakula zaidi ya gramu 4 za oksijeni na gramu 7 za ule uchumvi unaozuia asidi, ukihesabiwa kama chokaa. Maji ya Kivu yana zaidi ya milligramu 600 za uchumvi huo kwa litre, yanatosha. Maji ya mvua karibu hayana kitu. Nyumba inayoishi kwa mvua peke yake ichanganye vijiwe vya chokaa kwenye safu ya juu.

Tumia nusu moja ya kitanda wiki moja, wiki inayofuata nyingine. Utando mweusi unaojifunga juu ya mchanga ni vijidudu wenyewe na unasaidia kuchuja. Ukiwa mnene mno unaziba. Wiki ya mapumziko inawaacha wajilane.

Birere_Online

Na mafuta ya jikoni?

Masoni_Himbi

Kisanduku cha mafuta cha litre 80 kabla ya fose, mafuta yatolewe kwa mkono kila wiki. Bila hicho chujio la vijiwe halimalizi mwaka.

Afya_Ndosho

Kabla hamjaendelea: gesi. Goma ina mazuku, hewa ya ukaa inayotoka ardhini na kulala mabondeni, hasa upande wa Keshero, Mugunga mpaka Sake. Ni nzito kuliko hewa. Shimo JIPYA kabisa, halijawahi kupokea kinyesi, linaweza kujaa mazuku usiku mmoja na kumwangusha mchimbaji asubuhi. Kwenye shimo jipya teremsha taa ya moto kwa kamba. Ikizimika hakuna anayeshuka.

Kwenye fose iliyotumika usijaribu moto hata kidogo, kuna metani. Tena moto hautakuambia lolote kuhusu gesi ya mayai viza: kwa kiwango kidogo inanuka, kwa kiwango kikubwa inaua pua kwanza, harufu inapotea, na mtu anaanguka. Anayemfuata kumwokoa anaanguka juu yake. Fose haiingiwi. Tope linatolewa kwa pompa na mpira kutoka juu. Mtu akilazimika kushuka, vifuniko vyote viwe wazi siku nzima, hewa ipulizwe kwa mashine mpaka chini, awe na mshipi na kamba, na wawili juu wenye nguvu za kumvuta bila kushuka.

Parsele_Keshero

Nimeelewa. Nitajuaje ni wakati wa kuita kamio ya vidanje (gari la kunyonya tope)? Na nitoe lote?

Bakteria_Kivu

Chukua mti wa mita 2, funga taulo nyeupe sehemu ya chini mita moja na nusu, ushushe polepole kupitia T ya kutokea mpaka sakafuni, ngoja dakika tano, utoe. Alama nyeusi ni kimo cha tope. Pima gamba kwa mti wenye kipande cha ubao chini: ukisukuma unatoboa, ukivuta ubao unagusa chini ya gamba. Tope na gamba zikifika pamoja sentimita 43, theluthi ya kina chako, ita kamio. Pima kila miezi sita mwaka wa kwanza, utajua mwendo wa nyumba yako.

Kutoa lote hakuna shida, kinachobaki kwenye kuta kinatosha kuwa mbegu. Usioshe kuta kwa javeli. Na jaza maji siku hiyo hiyo. Muulize mwenye kamio anamwaga wapi kabla ya kumlipa, maana tope hilo lina mayai ya minyoo yaliyo hai.

Masoni_Himbi

Na kabla ya kulipa masoni, jaribio la kuvuja. Jaza fose mpaka tiyo ya kutokea, iache saa 24 plasta inywe. Ongeza maji yarudi pale pale, weka alama kwa msumari, funika, rudi baada ya saa 24 nyingine. Fose yako ina uso wa mita mraba 2.64: sentimita moja ikishuka ni litre 26 zilizotoroka kwa siku moja. Ikizidi hapo, toa maji, tafuta ufa (mara nyingi ni pale tiyo inapopita ukutani), piga plasta upya, ujaze tena. Pesa ya mwisho unaitoa baada ya alama kukaa.